Mama Vipimo

Kwenye kituo cha hali ya hewa walimwita Mama Vipimo, kwa kuwa habanduki kwenye kompyuta inayopokea vipimo vya unyevu na joto la angani kila dakika mbili. Akiingiwa na hofu husugua kidole gumba kwenye ukingo wa meza, na mchana ule alikisugua mpaka kikawa chekundu. Nje jua kali, lakini unyevu ulipanda kwa kasi asiyowahi kuiona. Akampigia dada yake, mwalimu mkuu wa shule ya jirani.

“Dada, waondoe watoto uwanjani.”

“Kwa jua hili? Mashindano ndiyo kwanza yameanza!”

“Nikikosea, unicheke mpaka uchoke. Waingize tu!”

Hakukata simu. Baada ya dakika ishirini radi ikapasua goli la uwanja mtupu.

“Tumo wote,” dada akanong'ona.

“Msitoke,” akajibu, macho kwenye kompyuta. “Unyevu bado unapanda.”