Ndoo Iliyokosekana Bombani

Bweni letu lilinuka sabuni ya mche na mablanketi yasiyokauka, kwa sababu ukungu wa Uluguru uliingia dirishani kabla ya jua na kukaa nasi hadi saa nne. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimetoka Mlali, na nilichukia kuishi na wasichana arobaini walionijua hadi namna ninavyokoroma. Kila alfajiri tulipanga ndoo bombani, kila moja nyuma ya ile iliyoitangulia jana, na mpangilio huo haukubadilika muhula mzima.

Wiki ya mtihani nilipata homa. Mgonjwa alirudishwa nyumbani, na asiyefanya mtihani alirudia darasa. Nikaamua kujificha chini ya blanketi mpaka itulie. Sikuikumbuka ndoo.

Consolata, aliyelala kitanda cha juu yangu, alirudi kutoka bombani akifoka. “We Mlali! Foleni ina pengo, wanagombana kwa ajili yako. Umeolewa na kitanda leo?” Akavuta blanketi, akanigusa shingo, sauti ikabadilika. “Jamani, mtoto wa watu anaungua!”

“Usimwambie matroni,” nikamsihi.

“Nitamwambia. Ukifa, nitamchokoza nani?”

Ilikuwa malaria. Matroni hakunirudisha, alinitibu palepale, na mtihani niliufanyia kitandani kwake. Siku zote hizo Consolata alipanga ndoo mbili.

Mwezi uliopita, katika chumba nilichopanga mjini ili niandike tasnifu yangu kwa utulivu, homa ilinilaza tena. Nilikaa sakafuni, kwa hesabu yangu, siku mbili na nusu. Simu ilizima, na mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani. Nilipoweza kutoka, jirani yangu alikuwa anaanika nguo. Akatabasamu kwa wema kabisa: “Karibu tena, dada. Safari ilikuwaje?”

Tangu hapo silali vizuri. Nimeomba nafasi hosteli ya chuo. Kwenye fomu kuna mstari mmoja wa sababu. Nilifuta mara tatu, kisha nikaandika kwamba nataka kuishi mahali nitakapoulizwa niko wapi. Nimeshaikabidhi. Kinachonitia wasiwasi sasa ni kwamba hosteli za siku hizi zina maji ndani, na sijui wenzangu watanikosa kwenye foleni gani.