Mama Anajifunza Kujibu Kikristo

Likizo ile nilirudi kutoka sekondari nikakuta mama amebadilika. Ukimuuliza kama chai iko, naye anakuuliza, "Kwani umetoka wapi na kiu hiyo?"

Ilikuwa kazi ya mwalimu wa darasa la ubatizo alilokuwa akisoma mama. Miaka miwili hakuwa amejibu swali hata moja. Alisema Yesu mwenyewe akiulizwa, alikuwa anauliza. Mzee mmoja wa darasa hilo, dereva wa ng'ombe wa plau kwenye shamba la mlowezi Kaburu, alitaka kujua shetani aliumbwa na nani.

"Mzee, wewe unafikiri ni nani?"

Mama alimuuliza mwalimu yeye atabatizwa lini.

"Mama, uko tayari?"

Kuku ambaye mama alimpelekea mwalimu tu ndiye aliyepokewa bila swali.

Mama alikuwa na sababu moja. Mdogo wangu alibatizwa shuleni, akafa kwa homa, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa. Asiyebatizwa halazwi pale, na mama alitaka siku yake ikifika alale karibu na mtoto.

Nikamfundisha majibu ya katekisimu. "Hayo ni ya shule," akasema. "Kanisani hawajibu hivyo." Mimi hata nikipaza sauti mbuzi hashtuki, kwa hiyo nikamwacha.

Siku ya mtihani mchungaji Mzungu alifika kwa pikipiki, matope ya barabara ya Eldoret mpaka kwenye ndevu. Akaanza na mzee wa plau.

"Unaamini Mungu ni mmoja?"

"Kwani mchungaji umeona wawili?"

Akamgeukia anayefuata. "Nani alikufa msalabani?"

"Wewe hukuambiwa?"

Mchungaji akawa mwekundu. Mmoja baada ya mwingine aliwarudisha darasani mwaka mzima. Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake, kazi ambayo kwa kawaida ni yangu.

Ikafika zamu ya mama. Nilimwonyesha jibu kwa midomo. Hakuniangalia.

"Mama, kwa nini unataka ubatizo?"

"Mchungaji, wewe una mtoto kaburini?"

Mchungaji akafunga kitabu.

"Ninaye," akasema.

Lilikuwa jibu la kwanza nililosikia katika kanisa lile.

Mama alibatizwa Jumapili iliyofuata, peke yake. Mzee wa plau akamuuliza mwalimu mbona wengine wameanguka.

"Na huyu aliyepita alifundishwa na nani?" mwalimu akasema. Jioni hiyohiyo akaja kwetu kuulizia kuku wa shukrani.

"Kuku gani?" mama akamjibu.