Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Filamu za kutisha niliziacha mwisho. Nilikulia Masisi, mahali palipokuwa na chumba kimoja tu cha video, mabati juu na mabati ubavuni, na humo ndimo nilimojifunza kupenda filamu: ngumi, bunduki, mtu mmoja dhidi ya jeshi zima. Mvua ikipiga bati hatukusikia neno, wala hatukuhitaji kusikia. Mtu mwema alijulikana kwa kifua, mbaya kwa miwani. Nilipokwenda Goma kusoma na nikaanza kuandika, nikajikuta bado nimekaa kwenye lile benchi. Kila mtu katika riwaya yangu alikuwa anapiga au anapigwa. Rafiki mmoja wa kundi letu la waandishi, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliisoma akanirudishia.

"Hawa watu wako hawaikalake chini?" aliuliza. "Hata kula wanakula wamesimama!"

Akanipa flash iliyojaa filamu za aina nilizokuwa nikizikimbia. Niangalie zote, alisema, hata nitakazozichukia. Nikaonja. Za mapenzi zilinitia aibu, kisha usingizi, kisha siku moja zikanitoa machozi ambayo niliyaficha ingawa nilikuwa peke yangu. Za polepole, ambamo mzee anamenya kiazi mpaka kiazi kiishe, nilizipenda mara moja. Zilifanana na alasiri za nyumbani. Zikabaki zile za kutisha. Kwetu nani anautafuta woga? Woga wenyewe unaijua njia ya kila mlango.

Nikaenda nazo Kirotshe kwa mama yangu mdogo. Aliteremka huko wakati wa vita, akaiacha nyumba yake Ngungu, juu milimani, na tangu hapo amepanga chumba cha mbao karibu na hospitali, anapika buyi, uji wa mahindi na soya, na kuwauzia wanaouguza wagonjwa. Mume alikwisha kufa, watoto wameoa na kuolewa mbali. Kila aliyetoka Ngungu alimletea habari ile ile: nyumba yako imesimama, na moshi unatoka. Hakuuliza ni moshi wa nani. Alitaka jambo moja tu, kulala tena chini ya bati lake kabla ya msimu wa kupanda maharage, na jambo hilo alikuwa akiliahirisha msimu baada ya msimu.

Jumapili baada ya kanisa mvua ilishika. Nikafungua ordinateri yangu, kompyuta ndogo ya mkononi, juu ya kitanda.

"Weka basi," alisema, akivuta kikapu cha maharage ya kuchambua. "Nione hiyo woga ya kununua."

Familia moja ilihamia katika nyumba kubwa ya zamani, msituni. Milango ikaanza kufunguka yenyewe. Vikombe vikahama. Mtoto akamwona mwanamke amesimama ukumbini, kimya, mgongo kwake. Nilikuwa nikimtafsiria maneno huku nimekivuta kitenge hadi kidevuni. Yeye alichambua maharage.

"Uko naogopa nini?"

"Mzimu, Mama. Umeingia tena."

"Na hajapiga hodi."

"Mizimu haipigi hodi."

Mikono yake ikasimama. "Si njo ile minasema? Mugeni njo anapigaka hodi. Ule haiko muzimu, mutoto wangu. Ule njo mwenye nyumba. Amerudi, anakuta watu mu vyombo vyake."

Tangu neno hilo sikuweza tena kuiangalia ile filamu kama ilivyotengenezwa. Yule mwanamke wa ukumbini alikuwa anatazama mapazia, walikuwa wameyabadilisha. Aliposukuma kiti, kumbe alikirudisha mahali pake. Wale waliopiga kelele kitandani ndio waliolala pasipo pao. Baridi ikanipanda mgongoni, na haikuwa ile baridi ambayo filamu ilikusudia kunipa. Kisha umeme wa mashine ukaisha.

Kesho yake, alipokuwa hospitalini na ndoo yake ya buyi, nilichaji mashine nikamalizia peke yangu, mchana kweupe, mlango wazi. Akaja padri na maji na maneno, kivuli kikaburutwa mpaka dirishani kikatupwa nje, na familia ikacheka kwenye majani. Muziki uliniambia nifurahi. Nilipokuwa mdogo nilishangilia vifo vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini safari hii nilifunga mashine kama mtu aliyeshuhudia jirani akitolewa vyombo nje.

Mama mdogo alirudi na ndoo tupu. "Alirudishiwa nyumba yake?"

"Hapana, Mama. Wamemufukuza."

"Alikuwa amekufa?"

"Tangu mwanzo."

"Njo maana." Akainamisha ndoo, akaisuuza pole pole. "Miye sijakufa. Kesho tunapanda Ngungu."

Pikipiki ilitupandisha mpaka tope likaikataa, tukamalizia kwa miguu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na ng'ombe tuliwasikia kabla ya kuwaona; mara pembe, mara pua, mara hakuna kitu. Mama mdogo alikuwa mbele yangu na kila hatua chache alifutika. Nilimwita mara moja ili nimsikie tu. Hakuitika.

Nyumba ilikuwepo. Mbao zake, bati lake, moshi. Alisimama mbele ya mlango kwa muda. Mimi, kwa mazoea, nikafungua mdomo niseme hodi. Akanifinya mkono kwa nguvu. Akausukuma mlango, akaingia.

Kando ya moto alikaa mwanamke mwenye watoto wawili. Hakupiga kelele. Watoto walijificha nyuma yake, naye akabaki na mwiko hewani. Mama mdogo alimpita bila salamu. Aligusa ukuta, akagusa msumari aliokuwa akitundikia kikapu, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mbele yake, chini, palikuwa na sahani ya fufu, ule ugali wa muhogo, na samaki, imefunikwa kwa jani la mgomba.

"Njo yeye?" mwanamke aliniuliza kwa kunong'ona.

"Yeye nani?"

"Ule tunamusikiaka."

Akaeleza, macho yake hayakumwacha mama mdogo. Walikuwa wamekimbia kutoka Walikale, wakafika hapa na mvua, wakakuta nyumba tupu. Tangu siku za kwanza kuna mtu anatembea katika kile chumba, anasogeza vitu, anakohoa. Wakakifunga. Yeye ni Mkristo, alisema, lakini kule kwao msituni, wazazi walimfundisha kwamba hukai katika nyumba ya mtu bila kumpa mwenyewe kitu. Kila jioni anaweka sahani; ya leo aliiwahisha kwa ajili ya ukungu.

Mama mdogo aligeuka. "Na minakulaka?"

"Asubuhi iko tupu, Mama. Unakulaka yote."

"Hata mifupa," akasema mtoto mmoja kutoka nyuma ya kitenge.

Mama mdogo akacheka, cheko fupi. Akaketi chini, akaivuta ile sahani, akaondoa jani, akala. Alikula taratibu, mbele yetu sote, tonge baada ya tonge, na watoto wakatoa vichwa kuangalia chakula kikishuka kooni. Mifupa aliiacha pembeni. Akafuta vidole.

"Munaona? Niko muzima. Nilikuwa Kirotshe, nauzisha buyi." Akaitazama sahani. "Leo njo mara ya kwanza minakula hapa tangu vita. Ile ingine yote, sijui mulikuwa munamupatia nani."

Sote tulitazama kamba.

Mwanamke ndiye aliyeinuka kwanza. Alianza kukusanya nguo, sufuria, blanketi, kwa haraka ya mtu aliyefunguliwa. "Nyumba ni yako, Mama. Tunatoka sasa hivi."

Alichokitaka mama mdogo miaka yote kiliwekwa mkononi mwake bila ugomvi, bila chifu, bila shahidi. Nilimwona akikipima. Alitazama mlango wa nje, ambako ukungu ulikuwa unaingia, akatazama tena ule wa ndani.

"Unaenda wapi na batoto mu hii baridi? Ikala."

"Mama, si umesema nyumba ni yako?"

"Njo maana minakuambia ikala. Weka hiyo sufuria chini."

Niliteremka peke yangu kabla ya jua kuchwa. Yeye hakuteremka tena. Wamepanda maharage pamoja, wanalala wote kando ya moto, watoto wanamwita nyanya. Filamu za kutisha sasa nazipenda kuliko zote, ingawa rafiki yangu wa Goma anasema naziangalia vibaya: nasimamisha picha kila mara kuona mzimu unatazama nini.

Juzi nilimpigia mama mdogo simu nikamuuliza kama wamefungua kile chumba. Akasema hapana, hakuna haraka, nafasi inawatosha. Kisha akaniaga. Giza lilikuwa linakaribia, na siku hiyo ilikuwa zamu yake kuweka sahani.