Mushipa ya Mukono Haiko ya Kichwa

Nilifika Bruxelles na mikono mbili za kazi, juu ya vita ya kwetu Kivu. Nikakaa mutaa ya Forest na mutoto ya mudogo yangu, musichana alikuwa anasoma université. Mie sikusoma. Nikapata kazi ya kusafisha ma-bureau, na ile kazi, kusema kweli, ni kukamua torchon tu, kile kitambaa cha kupanguza chini. Unaingiza mu seau ya maji, unakamua, unapanguza, unarudilia. Kisha mwaka moja vidole vitatu vya mukono ya kuume vikaanza kujikunja na kukatala kunyooka. Asubui nilikuwa navinyoosha na mukono ingine, tak! tak!, machozi inashuka.

Chef yetu alikuwa maman moja Muflama, Mubeleji wa kuongea kiholanzi, sauti kama mulango yenye haina mafuta. "Allez, madammeke, ge werkt op mijn zenuwen!" Njo kusema namuchezea mishipa. Yake ya kichwa! Mie ya mukono njo ilikuwa inakufa, na bila mukono hakuna kazi.

Bon, tukaenda kwa docteur, kule mutaa ya Ganshoren. Mwanaume ya sauti laini, kama anabembeleza mutoto alale. "Alors, maman, unalalaka muzuri?" Musichana yangu anatafsiri. Nikasema, mukono unaniuma docteur, usingizi haina mambo. "Mulipoteza watu kwa vita?" Mais nani hakupoteza? Nikasema: bwana yangu, na kaka wawili. Pale pale akasahau mukono. Nawaapia, hakuugusa! Akaandika, akasema, "C'est les nerfs, maman."

Musichana yangu akageuka, sauti ya kanisa: "Mama mukubwa, anasema ni mishipa ya kichwa. Ni huzuni njo inashuka mu mukono."

"Mwambie huzuni yangu haikamuake torchon."

"Mama mukubwa, siwezi. Ule ni docteur."

Akanipa vidonge. Nikavimeza, nikalala wima ndani ya bus, nikapitisha arrêt yangu, kituo ya kushuka, sijui mara ngapi. Nikarudi kwake mara ya pili, ya tatu. Kila mara: ulipoteza nani, unalia, les nerfs, les nerfs. Na vidole vinazidi kujifunga. Hasira ilinishika mupaka nikaacha kumusalimia.

Siku moja niko kwa muuza nyama wa chaussée d'Ixelles, naonyesha kipande ya kupika na sombe, majani ya muhogo. Mwenyewe, tumbo mbele, akakatala: "Ah non, maman, pas celui-là, iko na nerfs mingi!" Akakata, akanionyesha makamba nyeupe, zile zinakatalaka meno. Nikamwambia, "Na hii ng'ombe ilipoteza bwana?"

Hakusikia kitu. Lakini mie nilifika nyumbani nawaka moto. Musichana yangu akaenda kutafuta mu vitabu vyake vya université. Akakuta Wagiriki na Waroma wa zamani, nerf yao ilikuwa ile kamba nyeupe ya nyama, na kamba ya upinde vilevile. Nyuma sana njo munganga akapatia ile jina uzi yenye inapelekaka habari ku kichwa. Hata zenuw ya Waflama, ile ya chef yetu, ilitoka ku ile kamba. Waingereza nao wanasema muntu iko na nerf kama hana haya.

"Basi niko Mwingereza," nikamwambia. "Kesho tunarudi Ganshoren."

Nikapita kwanza ku soko, nikaomba muguu ya kuku. Kwetu, wakati tunapika harusi, wamama tunakataka muguu, tunatoa mushipa nje kidogo, tunapatia watoto. Wakivuta, makucha inajifunga, wanacheka mupaka wanaanguka.

Nikaiweka, mushipa nje, juu ya karatasi za docteur. Musichana yangu akafunika uso. Alors nikasema mie mwenyewe, na français yangu ya barabara: "Docteur, vuta."

Akaniangalia kama mukichaa. Akavuta. Makucha ikajifunga.

"Kuku, triste?" nikamuuliza, njo kusema iko na huzuni? "Kuku, nerveuse?"

Akavuta tena. Mara ya tatu. Kisha akashika mukono yangu, mara ya kwanza tangu tujuane, akapitisha kidole kutoka kiganja mupaka juu, akafika mahali, nikapiga kelele. Akakuwa mwekundu kama nyanya. Akaandika barua kwa munganga wa kupasua mikono.

Huyu wa kupasua alikuwa na sauti kavu, ya haraka, kama muntu anahesabia wengine vijiko. Alinipasua. Vidole viwili vikarudi. Cha tatu kikakatala, mupaka leo kiko kimejikunja, siwezi kushika torchon, ile kazi ikaenda.

"Maman," akasema, "ilifaa uje mapema."

Musichana yangu alitaka kujibu na adabu. Nikamwambia anyamaze.

"Nilikuja mapema, docteur. Nilikuja mara tatu."