Siku Niliyoitwa Espérance

Mnacheka kabla sijaanza, najua, kwa sababu mmeshasikia habari hii kwa Mama Chantal, na kwake yeye mimi nalia na kupiga magoti. Sikupiga magoti. Aibu niliipata, hilo sikatai, tena aibu ya kushiba, mbele ya benchi zima la wanawake, lakini magoti sikupiga.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, nasuka nywele kwenye saluni moja kule Point, mtaa wa bandarini huko kusini kwa Wazulu, na Mama Chantal, Mkongo wa Bukavu, alikuwa jirani yangu wa chumba cha juu, mama wa watoto watano, mtu wa kanisa, karatasi zake za ukimbizi zimenyooka kama shati la Jumapili. Mimi Mtanga niliyeingia nchini kwa njia ambazo hatutazizungumza leo, sikuwa na karatasi hata ya kufungia karanga. Sasa miezi ile nikaanza kuona damu siku ambazo si zake, na nyumbani Tanga shangazi yangu alianza hivyo hivyo, akaficha, akafa. Niliogopa sana. Lakini (akili ya binadamu hii) niliogopa zaidi kwenda kliniki nikaulizwa karatasi.

Pale kwetu tuliazimana kila kitu, sufuria, viatu vya harusi, hata barua ya kazi ya kumwonyesha mwenye nyumba. Kwa hiyo Jumatatu moja namsuka Mama Chantal chumbani kwake, nikaona kadi yake ya kliniki imechungulia kwenye Biblia, nikaiazima, ila yeye sikumwambia. Si wizi jamani, ningeirudisha kesho yake kabla hajafika hata Zaburi.

Kosa langu la pili ni kwamba sikuisoma. Sista wa zamu, mama wa Kizulu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikuwa akihoji watu pale pale mlangoni, benchi zima linasikia. Akafungua kadi, akanitazama, akaitazama tena kadi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mimi Espérance (ndilo jina la Mama Chantal) nilipimwa saratani ya mlango wa kizazi mwaka jana tu, majibu yakawa safi, nikaandikiwa nirudi baada ya miaka kadhaa, sasa nimefuata nini? Badala ya kusema ukweli nikamjibu kwamba napenda kupimwa kila mwaka, ikiwezekana mara mbili, mimi ni mtu wa usafi. Akasema kipimo hiki si kuoga. Mtu akipimwa akakutwa salama, na hana dalili yoyote, anarudi tarehe aliyoandikiwa, na akirudi ovyo anachukua nafasi ya mwanamke ambaye hajapimwa hata mara moja. Benchi likaitikia kwa vichwa, na mimi nikatikisa changu, mimi ambaye sijapimwa hata mara moja.

Akaniuliza umri. Nikachungulia kadi kwa pembe ya jicho, nikasema arobaini na saba. Nilikuwa na thelathini na moja. Benchi lote likageuka kunitazama, na mama mmoja wa pembeni akaniuliza napaka nini usoni, na ulimi wangu usio na breki ukasema mafuta ya nazi. Watoto? Watano, Sista. Basi akasema vizuri, ataanza kuutazama mshono wa operesheni ya kumzaa yule wa mwisho. Hapo jasho likanitoka hadi kwenye nyayo.

Bado natafuta uongo wa kutosha mshono, mlangoni akaingia Mama Chantal mwenyewe, amefuata dawa zake za presha, anamweleza mtu wa dirishani kwamba kadi imempotea. Yule akamwuliza jina. Akalitaja lote, kwa sauti ya kwaya. Sista akavaa miwani.

"Zuhura," Mama Chantal akaniambia, "ile karte nimeitafuta mupaka chini ya kitanda. Kumbe iko na weye?"

Yule mama wa pembeni akauliza kama hata hivyo mafuta ya nazi anunue. Benchi likavunjika mbavu.

Sista hakucheka. Akaniingiza chumbani, akafunga mlango, nikajua sasa anaita polisi. Nikamwambia yote, damu, shangazi, karatasi.

"Mimi sikukuuliza karatasi," akasema taratibu, "nilikuuliza jina. Ningekupima kwa jina lake, majibu yakija mabaya, ningemwita nani?"

Akaniambia mwenye kutokwa damu vile hangoji tarehe ya mtu, akanipima siku hiyo hiyo, akanifungulia kadi yangu.

Siku ya majibu Mama Chantal alinisindikiza (kunilinda, alisema, au kulinda kadi yake). Sista akaita Zuhura, hakuna aliyeinuka, na mimi nageuka kumtafuta huyo Zuhura anayetuchelewesha, mpaka nikafinywa paja. Kumbe kulikuwa na mabadiliko, bado mapema, yanatibika. Nikapewa siku ya matibabu, na baada ya hapo nirudi kila miezi sita mpaka waseme basi. Njia nzima Mama Chantal alinitambia kwamba yeye harudi kupimwa mpaka miaka ipite, si miezi sita kama mimi. Mimi nawaza majibu yale yangemfikia yeye, afunge na kusali kwa ugonjwa asio nao, na mimi niko saluni nasuka, nacheka, najiona mzima kama shangazi.

Tangu siku hiyo sufuria naazima, viatu naazima, kadi ya kliniki siazimi wala simwazimi mtu, na tarehe yangu naifuata mwenyewe kwa jina langu. Mama Chantal naye ameihamisha yake kutoka kwenye Biblia. Nikienda kumsuka, anaikalia.