Vijiti Vyeupe Vilivyopinda Motoni

Shangazi alipovuka mpaka wa Uganda pale Kasindi na watoto wake kukimbia vita, mimi nilibaki Butembo kulinda nyumba. Wazazi wangu walikuwa Beni, na barabara ya Beni ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kadiri wenye bunduki walivyotaka. Kulikuwa na siku ambazo sauti yangu niliisikia tu nilipomfukuza mbuzi wa jirani. Kwa hiyo wamama wa kanisa waliponijia na ombi, nilikubali kabla hawajamaliza kulisema.

Askari walikuwa wameingia kanisani na kuondoka na sinia na vikombe vidogo vya Meza ya Bwana. Tangu hapo watu hawakuwa wameshiriki. Wamama walijua nilikuwa nikifinyanga, na kwamba nilijifunza peke yangu kwa kuangalia wachoma matofali na kusoma kurasa za kitabu cha shule kilichochanika. Mama jirani, aliyewaongoza, alisema, "Tufanyie bikombe, mutoto. Batu banaulizaka kila siku ya Mungu: meza itarudia lini?"

Nilikuwa na udongo mweupe mzuri kutoka upande wa Alimbongo, mfuko mmoja, na njia ya huko sasa ilikuwa mstari wa vita. Sikuwa na nafasi ya kukosea. Nilivunja kila kikombe kilichopita kingine kwa unene wa ukucha, nikakikanda upya.

Ndani ya tanuru nililaza, kutoka tofali hadi tofali, vijiti vitatu vyeupe vya kauri ambavyo baba aliwahi kuviokota Beni kwenye takataka za maabara ya kampuni ya madini iliyofungwa. Vilikuwa vigumu kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Vilikwaruza kioo. Msumari haukuviachia alama. Juu yake niliweka kigae kipana, na juu ya kigae nikapanga vikombe vyote. Niliwaza: hata nyumba ikianguka, vijiti hivi vitabaki vimenyooka.

Kwetu hakuna anayechoma peke yake. Tanuru la matofali likiwashwa, majirani huja na viazi vya kuchoma, wanakaa, wanataniana, na aliyezoea huangalia moto na kusema sasa inatosha. Kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku, niliwasha alfajiri. Mama jirani alikuja na kikapu chake cha viazi, akatafuta pa kukaa.

"Niikale?"

"Hapana, mama. Ukinisemesha nitachanganyikiwa."

"Aa! Mushichana wa kuogopa mudomo ya mutu, hapana moto!" Akacheka, akasubiri kidogo, kisha akarudi kwake na kikapu.

Nilivuta mivukuto niliyoazima kwa mhunzi mpaka ndani kukawa na weupe wa kuumiza macho. Adhuhuri nilichungulia tunduni. Vikombe vilikuwa vinang'aa, vimesimama sawa. Ningeacha hapo. Lakini niliogopa kwamba kile cha nyuma kabisa hakijaiva, nikavuta tena. Nikaogopa kile cha pembeni, nikavuta tena. Niliacha tu jua lilipoanza kushuka, kwa hofu ya askari kuona mwanga.

Tanuru lilipopoa, nilitoa kigae nikakaa chini. Vijiti vilikuwa vimepinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba blanketi bichi. Sikuona ufa wala tone lililoyeyuka. Uso wake ulikuwa laini vilevile, navyo vigumu vilevile. Kigae kilivifuata, na vikombe vikafuata kigae: matako yake yalikuwa yamepinda, na hakuna hata kimoja kilichoweza kusimama mezani.

Nililia, nakiri. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kulia naye, nikaanza kuchunguza. Kijiti kimoja nilikipasua kwa nyundo na patasi, vipande nikavirudisha motoni. Kipande kisichobebeshwa kitu hakikubadilika. Kilichobebeshwa tofali kwa muda mfupi kilitoka kama kilivyoingia. Lakini kilichobebeshwa tofali hilohilo, katika moto uleule, kutwa nzima, kiliinama. Miaka baadaye nilisoma kwamba kitu kama hicho kimeundwa na punje ndogo zilizobanana, na kwamba katika joto kali, zikilemewa muda mrefu, huanza kuteleza taratibu, punje kando ya punje. Kikipoa, ugumu unarudi, ila umbo la kwanza halirudi. Hapohapo Butembo nilikuwa nimeelewa yaliyonihusu: moto peke yake haukuvipinda, wala mzigo peke yake. Vilipindwa na yale masaa niliyoongeza.

Jumapili nilipeleka vikombe kanisani ndani ya beseni. Udongo mwingine sikuwa nao. Mzee wa kanisa alijaribu kusimamisha kimoja, kikalala. Cha pili, kikalala.

Mama jirani akasema, "Hata bikombe binalala, mzee. Bilishinda kwenye moto na huyu mutoto." Wamama walicheka, nami nilitamani sakafu inimeze.

Mzee hakucheka. Alikigeuza kikombe, akakijaza maji, akakiangalia. "Inavuja?"

"Hapana, mzee."

"Donc, basi, itatumika. Haiwezi kuikala kwenye meza, itatoka mukononi mwa mutu, itaingia mukononi mwa mutu. Wewe uliyeifanya, utasimama pale na kumimina."

Nilisimama mbele na jagi la maji ya matunda ya marakuja, maana divai nayo ilikuwa imekwama Kasindi. Walikuja mmoja mmoja. Nilijaza, nikakabidhi, vidole vyao vikagusa vyangu: vya mkulima, vya mjane, vya mtoto aliyebatizwa karibuni. Wengine walifunga macho wakishika kikombe. Mama jirani alikishika chake kwa mikono miwili. Walirudi kwenye mabenchi, kila familia pamoja, wakasubiri ili tunywe wote kwa mara moja.

Beseni likabaki na kikombe kimoja, na mbele hapakuwa na mtu wa kunimiminia. Nilibana jagi kwapani, nikakijaza mwenyewe, nikabaki nimekishika, nikisubiri mzee aseme tunywe.