Mtani Aliyelia

Televisheni ya chogo ikiwaka saa nyingi hunuka vumbi linaloungua. Harufu hiyo, ikichanganyika na ya magunia ya mashudu yaliyotundikwa madirishani kuzuia mwanga, ndiyo harufu ya kibanda chetu cha video pale Chang'ombe, Dodoma, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi. Kilikuwa chumba cha uani, matofali ya kuchoma, paa la bati, mabenchi sita, na mlango ambao upepo wa Julai uliubamiza hata uukomee vipi. Chumba kilikuwa cha baba. Televisheni na deki vilikuwa vya Maganga, fundi redio aliyetoka Tabora na kupanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba ni Mgogo na Maganga alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na kwetu mtani ana nafasi yake ambayo hata ndugu hana. Anaruhusiwa kukutukana mbele za watu, nawe huruhusiwi kukasirika.

Filamu zilizojaza mabenchi zilikuwa za aina moja. Kuna polisi wawili wasioendana hata kidogo. Mmoja ni mtu mzima, amefunga tai, gari lake safi, anataka astaafu salama. Mwingine ni kijana mwenye domo, hajachomekea shati, anaendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu na kuangusha meza za matunda. Bosi wao anawaita ofisini, anafoka mpaka mishipa ya shingo inatoka, halafu anawapanga wafanye kazi pamoja. Wote wawili wanakataa. Hawasikilizwi. Kuanzia hapo ni matusi na risasi, risasi na matusi, na sisi kwenye mabenchi tunashika mbavu. Nimeziona nyingi sana za namna hiyo na hata sasa siwezi kuzitofautisha, na sidhani kama nilipaswa kuzitofautisha.

Pale kibandani Kiingereza hakikuwa na mwenyewe. Baba na Maganga walipunguza sauti ya televisheni wakatafsiri wenyewe, kwa kipaza sauti kimoja walichonyang'anyana. Baba alikuwa polisi mzee, Maganga polisi kijana. Kusema kweli hawakutafsiri chochote, walitazama nyuso na kutunga. "Wewe Mgogo, hata ukifunga tai unaomba chumvi kwa jirani!" Maganga alifoka wakati polisi kijana akikimbiza gari. Baba alisubiri gari lipinduke kwanza, kisha akajibu taratibu, "Babu zako walipita Ugogo na mizigo kichwani, wakatulilia maji. Endesha, mpagazi." Majambazi wa filamu zetu waliiba ng'ombe, kila filamu. Hatukuwahi kuona hata ng'ombe mmoja kwenye kioo, na mtu alipouliza, Maganga alisema wamefichwa. Ukubwani niliiona moja ya filamu hizo kwa lugha yake nikakuta habari yote ni ya dawa za kulevya. Nilikaa nikiwasubiri ng'ombe.

Kwa sababu ya watafsiri hao wawili nilikua na kosa kichwani ambalo sikulisahihisha kwa miaka mingi. Niliamini kwamba huko Marekani polisi hupangwa wawili wawili kwa utani wa makabila, Mgogo mmoja na Mnyamwezi mmoja, na kwamba ndiyo maana wanatukanana hivyo bila kutoana macho. Kwangu hapakuwa na cha ajabu. Bosi aliyefoka alikuwa mtu mwenye akili, alijua kwamba ukitaka mtu atakayekufuata mpaka ndani ya ghala linaloungua, mtafute anayekutukana tangu asubuhi. Nimesoma baadaye watu wakieleza kwa nini filamu hizi zinapendwa, wanaandika habari za vichekesho na kasi. Mimi bado naona nilikuwa karibu zaidi na ukweli nikiwa na miaka kumi. Tulipenda kuona watu wawili ambao hawakuchaguana, na ambao lugha pekee waliyonayo ya kusema nakujali ni tusi.

Mama hakuingia kibandani kwa sababu vumbi lilimbana kifua, lakini alikaa nje karibu na dirisha akichambua mlenda na kusikiliza. Alikuwa mtani mkali kuliko baba. Siku moja Maganga alikuja kula mchana kama kawaida yake, mama akamtengea sahani iliyofunikwa vizuri na bakuli la maji ya kunawa. Maganga alinawa, akafunua, akakuta jiwe. "Mzigo wako huo, Mnyamwezi," mama akasema. "Beba, Tabora mbali." Maganga alilibeba lile jiwe kichwani, akazunguka nalo uani akiguna, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Ugali ulikuja baadaye.

Mwezi uleule mama aliumwa homa. Alipelekwa hospitali Alhamisi, Jumapili akafariki. Sikulia. Naandika hivyo kwa sababu watu waliniuliza sana, shangazi mmoja baada ya mwingine, wakinishika uso na kuutazama. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake ukafa ganzi, anauona ni wake lakini haumsikii. Baba alikuwa hivyo hivyo. Alikaa kwenye kiti chini ya turubai, akasalimiwa, akaitikia, akaletewa chakula, akakitazama. Siku ya pili alikuwa bado hajala wala hajasema neno ambalo halikuwa jibu la salamu. Nilimwogopa. Niliona wazi kwamba kama hakuna mtu atakayemwamsha, nitabaki na mzazi mmoja aliyekufa na mwingine aliyekaa kwenye kiti.

Lakini nilimjua wa kumwamsha. Miezi michache kabla ya hapo alifariki jirani yetu, naye Mgogo, na Maganga akaenda msibani kama mtani. Alivaa koti la marehemu na kofia yake, akapita kwa waombolezaji akikohoa kama marehemu alivyokohoa na kuuliza mlenda wake uko wapi. Kisha akajilaza mlangoni, akasema jeneza halipiti mpaka Wagogo wakiri kwamba wao ni wavivu. Mjane alicheka huku machozi yanamtoka, na jioni ile alikula. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Wenye msiba wanalia, mtani halii, anawachekesha ili wapumue. Na ndivyo ilivyokuwa kwenye filamu pia. Polisi mmoja akifiwa, akajifungia ndani na kuacha kunyoa ndevu, mwenzake huja, huvunja mlango na kumtukana mpaka anasimama. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa nimeelekea barabarani, namngoja Maganga.

Ingawa alikaa nyumba ya tatu tu kutoka kwetu, hakuonekana mpaka mchana wa siku ya kuzika. Wengine walianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo, wakijiandaa. Aliingia ndani, akatoka na khanga ya mama, akajifunga kiunoni kama mama alivyojifunga, fundo upande wa kushoto. Akaja kusimama mbele ya kiti cha baba. Baba aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nakumbuka nilishika mkono wa shangazi yangu Mariamu. Maganga alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alifungua tena, kisha akakaa vumbini na ile khanga kiunoni, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Inuka, Mnyamwezi," shangazi Mariamu alimwambia, kwanza kwa mzaha. "Mtani halii. Unatuharibia."

"Nashindwa, dada," Maganga alisema. "Nimejaribu. Nashindwa."

Baba aliinamisha uso. Nyuma yangu wanawake wawili walianza kunong'ona. Mtani analia hivi kwa ajili ya mke wa mtu? Kuna nini? Na khanga yake kajifunga! Sikuyaelewa wakati ule, ila niliona maneno yakihama kutoka mkeka huu kwenda mkeka ule, na kufikia wakati wa kwenda makaburini yalikuwa yamemaliza uwanja mzima. Hapakuwa na kitu. Maganga alikuwa mtu mmoja aliye mbali na kwao, na mama alikuwa amempa ugali na matusi kwa miaka sita, kama dada anavyompa kaka.

Baba hakugombana naye. Ingekuwa heri. Maganga alipokuja wiki iliyofuata baba alisimama, akamvutia kiti, akasema, "Karibu, Bwana Maganga. Habari za nyumbani?" Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha mpya. Maganga naye alidhani hivyo, akasema kitu kuhusu Wagogo na viti vya kuazima, akangoja. Baba akamjibu, "Sisi wazima, tunamshukuru Mungu," kama anavyojibiwa mgeni kutoka ofisi ya kata. Nilimwona Maganga akielewa. Alikunywa chai, akashukuru, akaaga kwa heshima. Jumamosi alikuja na mkokoteni akachukua televisheni na deki, na baba akamsaidia kubeba.

Niliendelea kungoja, maana filamu zote zilikuwa na kipande hicho. Kuelekea mwisho wawili wanaachana, mmoja anatupa kitambulisho mezani, anapanda gari, anaondoka, na muziki unapoa. Halafu mwenzake anapobanwa kabisa, gari linasikika likirudi. Nilijua kipande hicho vizuri kiasi kwamba sikuhuzunika. Nilikaa uani Jumamosi nyingi. Baada ya mvua za kwanza tulisikia Maganga amerudi Tabora, na baba akaweka mahindi kibandani.

Sasa ninafanya kazi Mtumba, kwenye moja ya zile wizara zilizohamia Dodoma. Chumba changu cha ofisi nachangia na kaka mmoja wa Kondoa, tulipangwa pamoja na mkuu wa kitengo bila kuulizwa. Mimi napenda dirisha wazi, yeye analifunga. Huu ni mwaka wa nne, hatujawahi kukoseana adabu. Tunaanza na "habari za asubuhi" na kumaliza na "naomba kuwasilisha". Mke wake alipojifungua nilijua kupitia tangazo la mchango. Kwenye simu yangu filamu za polisi wawili zimejaa, zimetafsiriwa na watu wanaojua lugha, na dawa za kulevya zinaitwa dawa za kulevya. Nazitazama nikiwa nakula. Sizichukii, sizicheki. Zikifika pale wanapoachana, nazima.

Mwaka jana binti wa Maganga alinitafuta mtandaoni kunijulisha kwamba baba yake amefariki. Nilisoma ujumbe wake, nikamjibu pole, nikamaliza kikao. Jumamosi nikaenda Gulwe, ambako baba amerudi kulima, nikamkuta anabambua karanga. Nilimwambia bila kuzunguka. Hakusimamisha mikono.

"Nani alikwenda kumtania?" aliuliza.

"Sijui, baba. Hawakusema."

Alichota karanga nyingine. Mimi nilikuwa nimebeba swali kwa zaidi ya miaka ishirini, nikaona nilitoe. "Baba, yale maneno ya watu uliyaamini?"

"Maneno gani? Ya wale wanawake?" Alitema ganda. "Hata siku moja. Namjua mama yako na namjua yule."

"Sasa kwa nini?"

"Siku tatu nilimngoja anitukane," baba alisema. "Nilisema moyoni, Mnyamwezi akija nitasimama. Akaja akalia. Mimi nikabaki pale pale."

Nilimwambia arobaini bado, na kwamba treni ya Tabora inapita hapo hapo Gulwe, ningeomba ruhusa kazini tukaenda wote wawili, akamtanie mtani wake kama inavyotakiwa. Hapo mikono yake ilisimama.

"Nikafanye nini kule?" alisema. "Na mimi ningelia."

Hatukwenda. Jumatatu nilikuwa mezani kwangu saa moja na nusu.